Mkono wa Baba Unapanda Akipiga Miayo, Akiuamrisha Haupandi

Shikamoo Mama,

Naandika kuhusu baba yangu. Ana miaka 61, ni fundi seremala, amefanya kazi Keko tangu sisi hatujazaliwa. Ukipita mitaa ya kwetu, nyumba nyingi zina mlango au kitanda cha Baba. Sasa ni mwezi wa tano tangu aanguke bafuni alfajiri. Hospitali walisema ni kiharusi, presha ilikuwa juu sana, na upande wa kulia ukapooza. Mguu umerudi, anatembea na fimbo ndani na uani. Maneno yanamtoka polepole, ingawa anaelewa kila kitu, na akikasirika yanatoka haraka tu. Tatizo ni mkono.

Alianzishiwa fiziotherapia, akaenda mara sita. Kumpandisha daladala asubuhi kutoka huku Mbagala ni vita, na bajaji kwenda na kurudi ilikuwa inatumalizia elfu thelathini kila safari. Tukaacha. Mtu mmoja pale hospitali alituambia mkono usiporudi ndani ya miezi sita, basi ndiyo imetoka hiyo. Zimebaki wiki chache na mimi silali.

Hali ya mkono ni hivi. Bega analipandisha kidogo. Kiwiko anakikunja, kukinyoosha ndiyo kazi. Ukimlazia mkono juu ya meza ananyanyua kifundo kidogo, na kidole gumba na vidole viwili vinafunguka, ukimpa muda. Akisahau, mkono unajikunja kifuani na ngumi inafunga. Halafu kuna jambo limeleta maneno nyumbani. Baba akipiga miayo, mkono ule ule unanyanyuka wenyewe mpaka usawa wa kifua, vidole vinafunguka, miayo ikiisha unashuka. Mama yangu alipouona mara ya kwanza alipiga yowe. Shangazi anasema hiyo si ya hospitali, kuna mtu anauchezea mkono. Wakaleta mama mmoja wa kumkanda kwa maji ya moto na majani. Mara ya tatu kiganja kilitoka malengelenge, na Baba hakusema hata aah.

Baba mdogo naye ametundika gurudumu la kamba kwenye mwarobaini wetu. Mkono mgonjwa unafungwa upande mmoja wa kamba, mzima unavuta upande wa pili, mara hamsini kila asubuhi. Sasa bega linamuuma usiku hadi analia. Baba mdogo anasema maumivu ni dalili kwamba mishipa inaamka.

Mama anamlisha, anamvalisha, anamfunga vifungo. Nikisema tumwache ajaribu mwenyewe, ananijibu, "Unataka baba yako ateseke ili iweje?" Tumeshakosana mara mbili. Kaka yangu aliyeko Arusha ametuma video ya roboti inayoushika mkono wa mgonjwa na kuuchezesha, anataka tuuze kiwanja cha Mkuranga tumpeleke Baba nje. Dawa za presha Baba anakunywa siku akijisikia vibaya tu, anasema zinampa kizunguzungu.

Wiki iliyopita aliniita, akaniambia sanduku lake la vifaa nimpelekee kijana aliyekuwa anamfundisha kazi. Randa, patasi, misumeno, vyote. Nikaitikia, lakini sijapeleka. Nimelificha chini ya kitanda changu. Nianzie wapi, Mama?

Binti wa fundi, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani.

Anzia kwenye mwarobaini. Ukimaliza kusoma hapa nenda kaifungue ile kamba, na baba mdogo akiuliza mwambie nimekutuma mimi. Najua amefanya kwa mapenzi. Mambo mengi niliyoyakuta yameharibu mabega ya wagonjwa, kwa miaka zaidi ya thelathini niliyofanya fiziotherapia, yalifanywa kwa mapenzi.

Bega si kama nyonga. Kwenye nyonga mfupa umezama ndani ya kikombe. Kwenye bega mfupa umeegeshwa juu ya kisahani, na kinachouzuia usidondoke ni misuli inayouzunguka. Kiharusi kimeilegeza hiyo misuli, kwa hiyo uzito wa mkono wenyewe unalivuta bega chini saa zote anapokaa au kusimama. Halafu mtu asiye mgonjwa anapoinua mkono, bapa la bega mgongoni linazunguka pamoja nao na kuupisha. Kamba haijui hayo. Inanyanyua mkono peke yake, na nyama laini za ndani zinabanwa kati ya mfupa na mfupa, mara hamsini kila asubuhi. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1990 ulilinganisha njia tatu za kuuchezesha mkono uliopooza, na katika kundi la kamba na gurudumu zaidi ya nusu waliishia na bega linalouma. Waliochezeshwa mkono na mtaalamu walioumia walikuwa wachache sana. Ni jambo la zamani hilo, na bado kila mwaka nilikuwa naletewa mtu aliyetolewa kwenye mwembe au mwarobaini wa uani kwao.

Kwa hiyo maumivu ya Baba si mishipa inayoamka. Bega linaumizwa, na mkono unaouma haufanyi mazoezi, hata ukiubembeleza. Akikaa, mkono ulale juu ya meza au mto, usining'inie. Akiamshwa kitandani, mtu yeyote asimvute kwa mkono ule wala asimnyanyue kwa kumshika kwapani. Mshike kiunoni na nyuma ya bapa la bega. Waambie na wajukuu wanaomvuta "Babu twende". Akilalia upande wa kulia, bega lisogezwe mbele kidogo asililalie kwa juu. Na hospitali mtakayokwenda, jambo la kwanza kusema mlangoni liwe hilo bega.

La pili ni dawa, na hapa nitakuwa mkali. Presha haisubiri mtu ajisikie vibaya. Mara nyingi haiumi kabisa, na ndiyo maana Baba aliangushwa bafuni alfajiri bila kuarifiwa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro. Walipozilinganisha jamii hizo mbili kwa kuweka umri sawa, Dar ilitoka na wagonjwa kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai kama 109. Presha iko kwenye kila mazungumzo ya kwa nini. Kiharusi cha pili kikimpata, yote nitakayokuandikia hapa yatafutika asubuhi moja. Kizunguzungu kinatibika: daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kubadilisha saa ya kunywa. Kuacha mwenyewe hapana.

Sasa miayo. Nimefurahi uliyaandika, maana nina hakika yapo majumba mengi Mbagala, Tandale na Buguruni yanayoyaona na kuyaficha. Mkono uliopooza kunyanyuka mtu akipiga miayo ni jambo linalojulikana kwa madaktari, hata jina limepewa. Ukitaka kuinua mkono, amri inatoka juu, kwenye gamba la ubongo, inashuka kwa njia ambayo kwa Baba imeharibiwa. Miayo haitoki huko. Inaanzia chini, kwenye shina la ubongo, sehemu ya zamani ambayo haisubiri ruhusa yako, na kiharusi cha Baba hakikuigusa. Njia ya chini ikiwaka, na mkono unapata. Ni kama nyumba iliyokatika umeme vyumba vya mbele, taa ya uani bado inawaka kwa sababu waya wake ni mwingine.

Mwambie shangazi hivyo, kwa upole. Dua na sala ziendelee, sijawahi kumkataza mtu. Ila msichukulie miayo kuwa ushahidi kwamba mkono unapona. Dalili niliyoitafuta kwenye barua yako ni nyingine, na uliiandika kama unapita tu: kifundo kinanyanyuka, kidole gumba na viwili vingine vinafunguka akiviambia. Mwanangu, ningekuwa hapo ningekaa kwenye kiti nivitazame vidole hivyo nusu saa.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Edward Taub, alianza na kima. Kima aliyekatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja alikuwa anauacha kabisa, ingawa misuli ilikuwa na uwezo. Alipofungiwa mkono mzima, akaanza kuutumia ule alioutelekeza. Maana yake sehemu ya ulemavu ilikuwa mazoea. Mwanzoni kima alijaribu akashindwa, akajaribu tena akashindwa, akajifunza kwamba ule wa pili unatosha. Binadamu baada ya kiharusi anajifunza somo hilo hilo, na huku kwetu anafundishwa na familia nzima.

Tiba iliyotokana na hapo ni kuuvika mkono mzima glavu nene ili usiweze kusaidia, na kuufanyisha kazi mkono mgonjwa kwa saa nyingi. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa Marekani lililohusu watu 222. Waliopewa tiba hiyo walivaa glavu karibu muda wote wa kuwa macho, wiki mbili, na siku za kazi walifanya mazoezi hadi saa sita kwa siku. Walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwa bado ipo. Sasa sikiliza jambo linalokuhusu wewe usiyelala: hao watu walianza wakiwa na miezi mitatu hadi tisa tangu waugue. Na kule London, katika hospitali ya mishipa ya fahamu ya Queen Square, kuna mpango wa saa 90 za mazoezi ya mkono ndani ya wiki tatu. Katika taarifa yao ya mwaka 2019 wagonjwa walikuwa 224, wa katikati yao akiwa na miezi 18 tangu kiharusi, na mikono iliongeza uwezo.

Kwa hiyo aliyekwambia miezi sita ndiyo imetoka alichukua jambo la kweli akalifanya geti lenye kufuli. Kweli ni kwamba miezi mitatu ya mwanzo ubongo unajirekebisha kwa kasi, uvimbe unapungua, mambo mengi yanarudi hata bila jasho kubwa. Baada ya hapo kasi inashuka, na kila hatua unailipia kwa kazi. Mmeshatoka kwenye kipindi cha bure. Mko kwenye kipindi cha kulipia.

Nikiwa mkweli upande wa pili pia: hao waliofaidika walichaguliwa. Walikuwa na uwezo kidogo wa kunyanyua kifundo na kufungua vidole, kiasi cha kuokota kitambaa mezani na kukiachia. Mkono usio na dalili yoyote ya vidole ni habari nyingine, na familia yenye mkono wa aina hiyo isijilaumu ikisoma hapa. Mjaribu Baba kwa hicho kitambaa, cha jikoni tu. Akiweza kukiinua hata kwa vurugu na kukiachia, mna pa kuanzia.

Kiwanja kibaki Mkuranga. Nami si adui wa mashine, ningekuwa na kijana kama kaka yako ningetamani pia. Lakini Uingereza walilijaribu hilo la roboti kwa watu 770, matokeo yakatoka mwaka 2019: wale wa roboti hawakuwa na matumizi bora ya mkono kuliko waliopata huduma za kawaida. Roboti inauchezesha mkono, na kuchezeshwa si kutumia. Mtamsikia pengine mtu akisifia na kifaa kingine, kile kinachopachikwa kifuani kwa upasuaji na kugusa neva ya vagasi shingoni, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2021. Hicho kimeonyesha kitu. Ila kinafanya kazi sambamba na mazoezi mazito, mamia ya marudio, hakiyaondoi. Fedha ya kiwanja mkitaka kuigusa, mtumie hata sehemu ndogo yake kwa bajaji ya kwenda hospitali Temeke.

Na hapa tumefika kwa mama yako, ambako nadhani ndiko barua yako ilikokuwa inaelekea tangu mwanzo.

Hesabu kitu kimoja. Asubuhi moja Baba akiwa mzima, mkono wa kulia ulifanya nini kabla ya saa nne? Ulishika mswaki, ulivuta suruali, ulifunga vifungo saba, ulishika kikombe, ulivunja chapati, ulifungua mlango. Yote hayo sasa anafanya mama yako. Kwa hiyo mkono hauna kazi nyumbani, umestaafishwa. Anaulea vizuri, anaupaka mafuta, anaulaza mapajani, na siku zinapita. Unazikwa ungali hai. Usimwambie maneno haya, nimekuandikia wewe.

Mtoto kumfundisha mama yake namna ya kumtunza mumewe ni ngumu, na ukitumia video za simu ndiyo utaharibu kabisa. Anaogopa mambo mawili. Moja, majirani watasema mgonjwa anateswa. La pili, na hilo halisemi, akiacha kumlisha atakuwa amebaki na nini cha kumfanyia? Mpe jibu la hilo la pili. Mwombe awe msimamizi wa kazi: yeye ndiye atakayehesabu, yeye ndiye atakayesema basi pumzika. Na nendeni naye hospitali ili maneno haya ayasikie kwa mtu mwenye koti jeupe, maana nyumba nyingi binti hasikilizwi, koti linasikilizwa. Ni dhuluma ndogo, lakini itumieni.

Muanze na mlo mmoja tu kwa siku. Cha mchana, watu wakiwa wachache. Kipande cha ndizi ya kuchemsha au kiazi, kitu cha kushika, wali uje baadaye sana. Kiti chenye mgongo, meza mbele, mkono wa kulia uende kwenye sahani. Utaona anainama mzima badala ya kunyoosha kiwiko, na bega linapanda hadi sikioni. Huo ni ujanja wa mwili kufika bila kutumia mkono. Mgongo ukae kwenye kiti, sahani isogezwe karibu, kiwiko kinyooke hata inchi mbili. Kesho kutwa sahani irudi nyuma kidogo. Kitadondoka. Kidondoke.

Kisha kazi yenyewe. Watafiti waliwahi kukaa na kuhesabu katika vyumba vya mazoezi kule Marekani na Kanada, taarifa ikatoka mwaka 2009: mgonjwa alikuwa anarudia tendo la maana la mkono kwa wastani mara 32 tu kwa kikao. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya walikuwa wanarudia mamia kwa siku. Mara sita za Baba hospitali, kwa hesabu hiyo, hazifiki hata 200 zote pamoja. Ndiyo maana nasema hospitali ni mahali pa kufundishwa na kukaguliwa, na uani kwenu ndipo pa kufanyia. Lakini msiruke hospitali mkadhani ndugu wanatosha: India walijaribu kwa wagonjwa 1,250 kuwafundisha ndugu wafanye utengamao, yaani kazi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, nyumbani juu ya huduma za kawaida, na mwaka 2017 wakatoa taarifa kwamba haikuleta tofauti. Ndugu wa Baba wanahitaji jicho la mtu anayejua kuongeza ugumu na kuona kosa.

Kwa fundi seremala una bahati ambayo wengine hawana. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaofundisha mgonjwa kula, kuvaa na kurudi kazini, wana zoezi la miaka mingi: kupiga msasa ubao uliolala kwa mteremko. Sukuma mbele, rudi, sukuma. Bega, kiwiko na kifundo vinafanya kazi pamoja, uzito wa mkono unabebwa na ubao, na bega halining'inii. Watu wasiojua useremala wanalichukia. Baba atakusahihisha jinsi ulivyoukata msasa.

Tafuta kipande cha mbao laini, mita moja hivi, kiegeshwe mezani mteremko mdogo, mwisho wa juu uwe chini ya usawa wa bega. Kigae cha mbao kinachojaa kiganjani kizungushiwe msasa. Vidole visiposhika, mfunge mkono kwenye kile kigae kwa utepe wa khanga, usikaze. Mwanzo tumia kitambaa kitupu au msasa laini wa namba 220. Namba 80 unang'ang'ania, uje wiki za mbele kama mzigo wa kuongeza. Siku za mwanzo mkono wa kushoto uwe juu ya wa kulia, unasaidia. Kisha usaidie kwenda tu, kurudi ule wa kulia peke yake. Sukuma ishirini, pumzika, ishirini. Na daftari lisikosekane: tarehe, idadi, maumivu ya bega yapo au hayapo. Bega likianza kuuma, ubao ushushwe, na likiendelea, simamisheni.

Vidole viwe na kazi yao. Misumari ya inchi nne itolewe kopo hili iwekwe lile, moja moja. Vibanio vya nguo ukingoni mwa kikombe. Kukunja na kukunjua kile kitambaa. Akichoka sana kuna ujanja wa kioo: kioo kisimamishwe mezani katikati ya mikono miwili, mkono mgonjwa ufichwe nyuma, mkono mzima ufanye mbele ya kioo huku Baba akitazama na akijaribu kufanya vile vile kwa ule uliofichwa. Jicho linaona mkono wa kulia unafungua. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini tafiti nyingi zimeukuta unasaidia kiasi, na hauchoshi bega.

Glavu ya mkono mzima msianze wenyewe. Mtaalamu akikubali, soksi nene inatosha, kwa saa chache mtakazopanga, akiwa amekaa. Asiwe nayo akitembea, mkono huo ndio unaoshika fimbo. Asiwe nayo bafuni, wala akiwa na chai ya moto.

Moto wenyewe: yule mama wa kukanda asirudi na maji ya moto. Baba hakusema aah kwa sababu hakusikia. Mkono usiosikia unaungua kimya. Wakitaka kumkanda kwa mafuta na mikono laini, sawa, mtu anafarijika, ila wajue hakuna mwendo utakaorudi kwa kukandwa. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono wa kushoto.

Kwa hospitali, kwenu karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, na hospitali kama hizo zina kitengo cha fiziotherapia. Wa upande mwingine wa jiji wana Amana na Mwananyamala, na kuna hospitali ya CCBRT pale Msasani wenye huduma za utengamao. Usiombe "mazoezi". Sema hivi: hatuwezi kuja kila wiki, tunaomba mtupimie mkono, mtufundishe kazi za nyumbani, na tuje kila wiki mbili na daftari. Utaona uso wa yule mtaalamu unavyobadilika. Mgonjwa anayekuja na daftari ni nadra kuliko mvua ya Agosti.

Usiniulize kama atarudi kupiga randa. Mkono wa kushika vizuri kiasi cha kuchonga kiungo cha mlango unahitaji vidole vyenye akili, na wengi hawafiki huko. Ninachokiona kwenye barua yako ni mkono unaoweza kuja kuwa msaidizi: kubana ubao mezani wakati wa kushoto unakata, kushika kikombe, kuvuta suruali. Kwa mtu aliyekuwa analishwa hicho si kidogo. Kama vikizidi hapo, mtaniandikia.

Kilichobaki ni lile sanduku, na sikulipenda kabisa. Mtu anayeanza kugawa vifaa vyake anasema jambo. Karibu mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi anaingia kwenye sonona, huzuni nzito isiyoondoka, ambayo ni ugonjwa na ina dawa, na mtu mwenye sonona hasukumi msasa hata umwekee ubao wa dhahabu. Mwulize, si mbele ya watu, kama usiku analala, kama chakula kina ladha, kama kuna siku anatamani asingeamka. Akijibu ndiyo hilo la mwisho, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Yule kijana wa Keko mwite Jumamosi, lakini sanduku asipewe. Aje na vipande vya mbao na karatasi mbili za msasa, amuulize Baba ubao uegeshwe vipi. Patasi na misumeno zibaki chini ya kitanda chako, ni kali na mkono wa kulia bado hausikii. Randa itoe uiweke juu ya kabati, mahali anapoiona akiwa amekaa.